Jiko Ndilo Darasa la Kwanza

Mazungumzo ya Kamati ya Malezi ya Watoto mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mkutano wenu uliopita ulitutuma tuangalie hali ya watoto wetu wadogo, walio kati ya mwaka mmoja na minne, ambao hawajafika umri wa kuingia darasa la awali, kisha turudi tuwape habari. Leo tumerudi. Nasi twaona ni haki tuanze na kosa letu wenyewe kabla ya kumweleza mtu mwingine yeyote wajibu wake.

Mlitupa fedha za kununua vitabu vya picha na kalamu za rangi kwa ajili ya chumba cha watoto kule Kitengela. Tulinunua, tukapeleka, tukashangiliwa, tukarudi makwetu na furaha. Baada ya miezi minne tulipokwenda kukagua, tulilikuta sanduku lile ndani ya kabati, limefungwa kwa ufunguo, na kalamu zimepangwa vilevile kama zilivyotoka dukani. Watoto kumi na wanane walikuwa wameketi juu ya mkeka, migongo ukutani, mikono mapajani, kimya. Tulipomwuliza mama anayewatunza, alijibu kwa adabu kwamba aliogopa vitu vya Chama visije vikaharibika, naye akalipishwa.

Ndugu zetu, mama yule hakukosa. Tuliokosa ni sisi. Tuliwapelekea watoto kitu chenye thamani kuliko mchezo wenyewe. Na kitu ambacho mlezi anakiogopa, mtoto hatakigusa. Basi tangu siku ile tulijiuliza swali moja: ni vitu gani ambavyo mtoto anaweza kuvishika, kuvichafua na hata kuvivunja, pasiwe na mtu wa kulia wala wa kulipa? Jibu tulilipata karibu sana. Lilikuwa jikoni.

HALI YA WATOTO WETU

Wote mnajua jinsi nchi yetu ilivyobadilika. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na watu 154,436. Wazee walio hapa wanakumbuka zamani Kitengela ilipokuwa malisho, na wanyama wa mwitu wakipita kwenda na kurudi katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Leo pande zote mbili za barabara ya Namanga zimejaa nyumba za kupanga. Mama wengi huondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi, au katika viwanda vya Athi River, na mtoto huachwa kwa jirani au katika chumba cha kulelea hadi jioni. Chumba ni kidogo, ua haupo, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi hugeuka tope lisilopitika. Mtoto hulishwa, hulazwa, akanyamazishwa kwa simu, na siku ikapita.

Kule bara ya Kajiado mambo ni mengine, lakini nako upungufu upo. Mtoto ana uwanja, ana kivuli cha mti, ana ndama na mbuzi wa kutazama. Lakini ukame wa miaka ya karibuni umewatuma baba mbali na mifugo, na mama mbali kutafuta maji, hata koko aliyebaki nyumbani ana watoto sita wa kuangalia na nguvu zake zimepungua.

Mtoto wa namna hii akifika miaka minne huingia darasa la awali, na hapo ndipo aibu hutokea. Mwalimu humpa kalamu, naye hajui kuishika. Huambiwa achore duara, mkono ukatetemeka. Wenziwe waliozoea hucheka. Twajua mtoto mmoja wa wanachama wetu aliyelia wiki nzima akikataa kurudi darasani, si kwa kuwa ni mpumbavu, bali kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kupewa kazi. Sasa kuna watoto wanaoanza masomo wakijiona wameshindwa kabla ya kufundishwa herufi moja. Hilo ndilo jambo tulilolileta kwenu, wala si mapambo ya ukutani.

Yafaa tueleze kidogo namna mkono wa mtoto unavyokua. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushika kijiti kwa ngumi nzima, akichorachora kwa bega. Akikaribia miaka miwili au mitatu huanza kutumia kiwiko na kifundo cha mkono, na mistari yake hutulia. Kwa kawaida akitimiza miaka mitatu aweza kuiga duara. Vidole huja mwisho kabisa. Ngazi hizi hazirukwi. Mtoto hupanda kwa kufinya, kuchovya, kugonga, kupaka na kurarua, na kazi zote hizo zafanyika jikoni kwetu kila siku.

SANAA SI JAMBO GENI KWETU

Wako waliotuambia kwamba mambo ya watoto na rangi ni ya wageni. Twaomba ruhusa ya kujibu kwa heshima.

Katika kaunti yetu hii hii, kwenye njia ya kwenda Magadi, pana mahali paitwapo Olorgesailie. Wataalamu waliochimba huko walitangaza mwaka 2018 kwamba walikuta, pamoja na zana za mawe zenye umri wa miaka 300,000 hivi, mabonge ya mawe ya rangi nyekundu na nyeusi, na baadhi yake yana alama za kufanyiwa kazi kwa mkono wa binadamu. Basi watu waliokaa katika ardhi ya Kajiado walishughulika na rangi kabla ya mji wowote kujengwa duniani. Na lile jina la Olkaria, ambako leo umeme huzalishwa kwa mvuke wa ardhini, katika Kimaasai ni jina la ule udongo mwekundu ambao morani hujipaka.

Tena tazameni kibuyu cha maziwa. Ni chombo cha jikoni, si zaidi. Lakini mama zetu walikivisha ngozi na shanga hata mgeni akasimama kukitazama. Shanga zenyewe, kabla ya zile za kioo kuletwa kwa wingi na biashara ya Ulaya, zilikuwa mbegu, mifupa, udongo na vijiti. Na wazee wote wa Kimaasai walio hapa, walipokuwa watoto, walifinyanga ng'ombe wa udongo, wakajenga maboma ya vijiwe, wakachunga mchana kutwa. Nani aliwanunulia vifaa? Hakuna. Hata leo, karibu na mpaka wa Hifadhi ya Nairobi, pana karakana ya Kitengela Glass iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, ambapo vioo vilivyovunjika huyeyushwa vikawa shanga na bilauri. Jirani zetu hao wanatuonyesha kwamba kitu kilichotupwa bado kina kazi ndani yake.

Na hao wageni nao hawakuanza na vitu vya ghali. Friedrich Froebel alipofungua shule yake ya watoto wadogo kule Ujerumani mwaka 1837, alitumia mipira ya uzi na vipande vya mbao. Daktari Maria Montessori alipoanza kazi yake katika mtaa wa maskini mjini Rome mwaka 1907, aliwapa watoto kazi za nyumbani: kumimina, kufagia, kukunja na kufungua vifungo. Hata ule unga laini wa kuchezea uuzwao Marekani kwa jina la Play-Doh, asili yake ilikuwa donge la kusafishia karatasi za ukutani. Mwalimu mmoja wa watoto, Kay Zufall, aliwapa wanafunzi wake walichezee, akaona linawafaa, na mwaka 1956 likaanza kuuzwa kama kitu cha mchezo.

Hapa Kenya kazi hii ina historia yake. Kuanzia mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer, ilifanya majaribio ya kuboresha shule za watoto wadogo, na mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu hiyo. Baadaye, ndugu zetu Wasamburu, ambao lugha yao na Kimaasai ni mtu na ndugu yake, walianzisha malezi ya pamoja yaitwayo Loipi, yaani mahali penye kivuli. Huko wazee na kina koko wenyewe waliketi na watoto, wakatengeneza vya kuchezea kwa vitu vya pale pale, wakawasimulia hadithi na kuwaimbia. Hawakungoja sanduku litoke mjini. Nasi pia tuna haki ya kusema kwamba mchezo si upuuzi, kwa maana Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, wataja waziwazi haki ya mtoto ya kucheza na kushiriki katika sanaa.

MASHAURI JUU YA CHAKULA

Tulipolileta wazo hili kwa mara ya kwanza upande wa Kajiado, mzee mmoja alisimama akaegemea fimbo yake. Alisema: “Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano. Nimezika ng'ombe wangu mmoja mmoja. Leo mwataka niwatazame watoto wakichezea unga?” Kisha akaketi, na hakuna aliyeweza kumjibu.

Twakiri kwamba mzee alisema kweli. Katika vitabu vingi vya nchi za shibe mtaona watoto wamepewa mchele wakaumwaga, maharagwe wakayabandika, vikombe viwili vya unga na kimoja cha chumvi wakakanda donge la kutupwa kesho yake. Mambo hayo kwetu hayafai. Mtoto anayefundishwa kuchezea chakula mbele ya jirani mwenye njaa amefundishwa ubaya pamoja na sanaa.

Tuliondoka, tukakaa, tukashauriana, kisha tukarudi kwa mzee na kanuni moja: kinacholiwa hakichezewi, huchezewa kile ambacho jiko limekwisha kukiacha. Ganda, gunzi, majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, ukoko wa uji, makaa, pakiti tupu. Tuliomba ruhusa ya kitu kimoja tu, manjano kiasi cha ncha ya kisu, kwa sababu rangi yake haina mfano. Mzee alicheka, akatoa ruhusa. Kanuni hiyo ndiyo tunayoifuata hadi leo, na kila tutakalowaeleza sasa limejaribiwa chini yake.

KAZI TANO ZA KUANZIA

Ya kwanza ni kupaka kwa maji. Maji yaliyooshewa mboga yasimwagwe mara moja. Yatiwe ndani ya sufuria kuukuu, mtoto apewe kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, apake ukuta, jiwe au sakafu ya saruji. Hapo palipoloweka huwa peusi, jua likapakausha, naye akaanza tena. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aweza kazi hii. Haina gharama wala uchafu, nayo humfundisha kwamba mkono wake waweza kuacha alama duniani. Na kwa kuwa maji kwetu hununuliwa kwa mtungi, maji hayohayo yaliyobaki yamwagiwe mche.

Ya pili ni kufinyanga. Wengine wana unga wa kukanda. Sisi Mungu ametupa udongo chini ya nyayo zetu. Chimbeni chini ya tabaka la juu, mbali na choo, mfereji na jaa. Pepeteni mawe na miiba yatoke. Udongo wetu mweusi hupasuka ukikauka, kwa hiyo changanyeni mchanga laini na nyasi zilizokatwakatwa. Mpeni mtoto na mwiko uliovunjika, kizibo na uma usiochoma, atie alama. Msimwambie afanye nini. Mtoto mdogo hufinya tu. Aliye na miaka mitatu hufanya kamba na mpira. Mwenye minne atawaletea ng'ombe.

Ya tatu ni rangi. Maganda ya bitiruti yakichemshwa hutoa rangi ya zambarau nyekundu. Majani makuukuu ya sukuma wiki yakipondwa hutoa kijani. Majani ya chai yaliyobaki katika chujio, yakichemshwa tena, hutoa rangi ya kahawia. Makaa yaliyosagwa hutoa nyeusi. Manjano yatoa manjano. Ili rangi isitiririke, ichanganyeni na uji mzito uliobaki katika sufuria. Hapa pana ajabu moja ambayo ni ya kwetu hasa. Chukueni maji ya manjano, tieni punje chache za magadi, yale yale tunayochemshia githeri, yachimbwayo katika ziwa lililo ndani ya kaunti yetu. Rangi ya manjano hubadilika mara moja ikawa nyekundu kama udongo wa Olkaria. Mkidondosha ndimu, hurudi kuwa manjano. Tuliwaonyesha watoto jambo hili, na wale kumi na wanane waliokuwa kimya walipiga kelele hata jirani wakaja kuuliza kuna nini. Lakini kazi hii ya magadi ifanywe na mtu mzima, watoto watazame tu, maana magadi huwasha ngozi na macho.

Ya nne ni mihuri. Kiazi kilichokwisha kuchipua, ambacho hakifai tena kuliwa, mtu mzima akikate katikati na kuchonga umbo. Kichwa cha bamia kinachotupwa huacha alama mfano wa nyota. Kitako cha kitunguu huacha duara ndani ya duara. Gunzi la mahindi likiviringishwa juu ya karatasi huacha safu za vidoto kama shanga zilizotungwa. Karatasi yenyewe ni pakiti ya unga iliyopasuliwa na kufunuliwa upande wa ndani, ama boksi la dukani. Pakiti moja ya kilo mbili yawatosha watoto wawili.

Ya tano ni kurarua na kubandika. Watoto huachiwa magazeti makuukuu, maganda makavu ya vitunguu, manyoya ya kuku yaliyooshwa kwa maji ya moto na sabuni, na majani ya miti. Uji uliobaki, ukiwa mzito, ndio gundi. Kurarua karatasi kwaonekana kama uharibifu, lakini ndiyo kazi inayotia nguvu vidole viwili na gumba, vidole vile vile vitakavyoshika kalamu kesho.

HATARI ZA KUEPUKWA

Twawasihi sana mlisikilize neno hili, maana kazi njema yaweza kuleta msiba. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asipewe maharagwe, mahindi makavu, njugu, shanga wala vizibo vidogo, kwa kuwa hutia kinywani, na punje moja yaweza kumziba pumzi. Tena maharagwe mekundu yasiyopikwa yana sumu. Kiazi kilichochipua kina sumu pia; kisiachwe mkononi mwa mtoto anayeuma kila kitu. Chupa au kopo lililowahi kutiwa mafuta ya taa, dawa ya mifugo au dawa ya kuulia wadudu lisitumike kabisa, hata likioshwa mara saba. Mfuko wa saruji pia usitumike. Rangi zichemshwe watoto wakiwa mbali na moto, zipoe kabisa ndipo wapewe. Rangi na gundi za uji zisilale. Zimwagwe siku ile ile. Na mtu mzima awepo muda wote, awe ametulia, si amesimama mlangoni na simu.

NAMNA YA KUUPOKEA MCHORO WA MTOTO

Jambo hili lilitushinda sisi wenyewe mwanzoni. Mtoto alileta karatasi yenye mistari, nasi tukamwuliza, “Hii ni nini?” Hakuwa na jibu, akaona ameshindwa. Mwingine tulimshika mkono tukamchorea nyumba nzuri. Tangu siku hiyo hakutaka kuchora tena ila achorewe. Sasa tumejifunza kusema maneno machache: “Nionyeshe ulivyofanya.” Mtoto hueleza, na katika kueleza hupata maneno. Lugha humjia kupitia mkono.

Msikosoe ng'ombe wa kijani. Msilinganishe mchoro wa huyu na wa yule. Na ule mchoro mkaupigie msumari ukutani, chini, kimo cha macho ya mtoto, si kimo cha mgeni.

SEHEMU YA WAZEE

Tulisema kwamba mzee yule alitoa ruhusa. Hatukumaliza habari yake. Wiki moja baadaye alikuja kuangalia kama tunaishika kanuni. Aliketi kwenye kigoda, akawatazama watoto wakifinyanga. Mtoto mmoja wa miaka mitatu alimletea donge lenye vijiti vinne, akamwekea gotini, akaondoka. Mzee aligeuzageuza lile donge. Kisha aliomba udongo. Alimfanyia nundu, akamfanyia pembe, akachukua makaa akampaka ubavuni, akamwita yule mtoto akamtajia kwa Kimaasai jina la ng'ombe mwenye rangi ile. Mtoto akarudia. Akamfanya wa pili, mwenye mabaka, akamtajia jina lake. Mtoto akarudia.

Wote mnajua jinsi lugha hiyo ilivyo na majina mengi ya rangi na mabaka ya ng'ombe. Majina hayo watoto wa nyumba za kupanga hawayasikii, maana hawana mahali pa kuyaona. Mzee alikaa hata saa ya chakula cha mchana. Alipoondoka hakusema neno, ila alituuliza tutafinyanga tena siku gani. Kila Alhamisi sasa huja, na ng'ombe wa udongo walioko dirishani wamekuwa zaidi ya wale waliomfia.

Ndipo tulipofahamu kwamba tulichokosa chumbani mle hakikuwa kalamu. Tulikosa mtu wa kuketi. Vitu vya jikoni ni sababu tu ya kumketisha mkubwa karibu na mdogo.

MAOMBI YETU KWENU

Kwa ajili hiyo twaleta maombi matatu, na twauomba mkutano huu uyaamue leo hii.

Kwanza, kila nyumba ya mwanachama iweke kikapu kimoja jikoni, na kila Ijumaa ilete pakiti za karatasi, trei za mayai zilizo safi, magunzi na vitambaa vikuukuu.

Pili, wazee na kina koko wajiandikishe kwa zamu, nusu siku kwa wiki, kuketi na watoto katika chumba cha Kitengela na chini ya mti kule Kajiado. Hatuombi kazi nzito. Twaomba majina ya ng'ombe, hadithi, na mikono iliyokwisha kujua kazi.

Tatu, zile fedha zilizotengwa kununulia kalamu za rangi mwaka ujao zisinunuliwe kalamu. Zinunuliwe sabuni, mtungi mkubwa wa maji, na zilizobaki aongezewe mlezi, ambaye hushinda na watoto wetu tangu alfajiri kwa ujira mdogo. Lile sanduku la kabatini tumekwisha kulifungua. Kalamu zilizomo zitumike mpaka zikatike, na zikikatika hakuna atakayelipishwa.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mara nyingi tumelisema neno hili kwa maana ya adabu tu, na kweli lina maana hiyo. Lakini mwaka huu tuliona udongo wenyewe mikononi mwa watoto, tukaona jinsi saa yake ilivyo fupi kabla haujakauka. Watoto wa miaka miwili walioko chumbani leo, baada ya miaka miwili watakuwa darasani, nasi hatutapewa nafasi ya pili juu yao.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Twangoja uamuzi wa mkutano.